Betri Iliyokufa Inatupwa Wapi?



Leo naomba unisamehe, sitaanza na malaria wala na kunawa mikono kama tulivyozoea katika ukurasa huu. Nataka kukuuliza swali moja tu. Ile betri ya sola iliyokufa nyumbani kwako, au ile ya kinyozi wa mtaani kwenu, au ya yule kijana anayechaji simu za watu, ilikwenda wapi?

Mimi jibu nililikuta bila kulitafuta. Ilikuwa msimu wa mvua uliopita, nikizunguka nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupimia mikono ya watoto. Nyuma ya nyumba moja nikaona vijana watatu wamechuchumaa kuzunguka mbabula. Juu ya moto kulikuwa na sufuria kuukuu, na ndani yake kitu kinang'aa kama kioo kilichoyeyuka. Pembeni zililala betri mbili zilizopasuliwa kwa shoka. Maji yake makali walikuwa wameyamwaga kwenye mfereji. Na mtoto wa miaka kama miwili, mdogo wao, alikuwa ameketi kwenye udongo huohuo na kikopo cha nyanya, anajaza, anamwaga, anajaza tena, mara nyingine analamba vidole.

Niligomba. Niliwaambia, zimeni huo moto, mnaua watoto! Mmoja wao, mwenye adabu kuliko wenzake, akaniuliza: "Dada wa afya, tukizima, betri hizi tuzipeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaandika katika daftari langu "vijana wakaidi", nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata nilipopita, uani palikuwa safi. Nikafurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni, mama mmoja aliponiambia kwamba vijana wamehamia chini, kando ya bonde, hatua chache tu kutoka kwenye chemchemi ambayo wengi wetu tunachotea wakati mabomba yamekauka. Kwa hiyo ukali wangu haukuondoa sumu. Uliisukuma kutoka uani ikafika kwenye maji.

Nakueleza kosa langu kwanza, ili usije ukafikiri nimekuja kukuhubiria.

RISASI ISIYO NA MLIO

Kitu kile kilichokuwa kinayeyuka katika sufuria ni madini ya risasi. Waliosoma Kifaransa wanayajua kwa jina la plomb. Jina hilo la Kiswahili linatushtua, maana wengi wetu tuko hapa kwa sababu ya kukimbia risasi. Na si jina tu linalofanana: ndani ya risasi nyingi za bunduki mna madini hayahaya. Tofauti ni kwamba hii ya betri haina mlio. Inaingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi, kwa mkono usionawiwa, kwa chakula kilichopikwa karibu na mahali pa kuyeyushia.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo akila kiasi kilekile alichokula mtu mzima, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Na watoto ndio wanaokaa chini, ndio wanaotia kila kitu mdomoni. Risasi ikishaingia hukaa katika mifupa na meno miaka mingi. Mwanamke aliyeipata alipokuwa msichana, akibeba mimba, inaweza kutoka katika mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni.

Dalili zake ndizo zinazotuchanganya. Mtoto anakuwa na upungufu wa damu, tumbo linamuuma, choo kinakuwa kigumu, analialia ovyo, shuleni anachelewa kuelewa. Ikizidi sana anapata degedege, anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Sasa niambie, mama, ni nani kati yetu atakayeona degedege akafikiria betri? Tutasema malaria. Tutasema minyoo. Wengine watasema kuna jirani mwenye mkono mbaya. Na mara nyingi hakuna dalili yoyote ya kuonekana, kinachoharibika ni akili ya mtoto, polepole. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoweza kusema kweli.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua kabla ya semina: kuchemsha maji hakuondoi risasi. Kile kidonge cha kusafishia maji hakiiondoi pia. Vyote viwili vinaua vijidudu, na tuendelee kuvitumia kwa kazi hiyo. Lakini risasi si kijidudu, haifi.

MAMA WA MOMBASA

Nilipokuwa natafuta namna ya kuzungumza na wale vijana, nilisoma habari za mtaa mmoja wa Mombasa, Kenya, unaoitwa Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, nyumba zimebanana, kama zetu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukutani mwa nyumba za watu. Moshi ulishuka juu ya mabati. Maji machafu yenye asidi yalitoka kiwandani yakapita katikati ya makazi, na watu waliyatumia kwa shughuli za nyumbani.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri dada mmoja, Phyllis Omido, awe kiungo kati ya kampuni na wakazi. Alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaugua, homa haishuki, hospitali ikatafuta malaria na homa ya matumbo, haikupata. Mwishowe damu ilipopimwa ikakutwa risasi, na ilikuwa imempata kupitia maziwa ya mama yake. Bi Omido aliacha kazi.

Hapo wengi wetu tungeishia. Mtoto wangu ametibiwa, nimetoka pale, namshukuru Mungu. Yeye alirudi mtaani. Alichukua watoto watatu wa majirani, akahakikisha wamepimwa damu. Wote watatu walikutwa na risasi nyingi. Kuanzia siku hiyo haikuwa tena "inasemekana". Karatasi ya maabara ilikuwa mkononi.

Ndugu msomaji, naomba ulitazame jambo hili vizuri, kwa sababu hapo ndipo nilipoona kasoro yangu. Mimi nilianza kwa kugomba. Yeye alianza kwa kupima. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, akaunda shirika dogo la kutetea haki na mazingira, wakazi wakajiunga naye. Haikuwa njia ya maua. Mwaka 2012 alikamatwa katika maandamano akashtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko usio halali, na mahakama ikamwachia. Mwaka huohuo alivamiwa na watu wenye silaha akiwa na mwanawe. Hakunyamaza. Januari 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa wananchi wa kawaida wanaotetea mazingira.

Lakini kufunga kiwanda hakukutoa sumu ardhini wala katika damu. Mwaka 2016 wakafungua kesi kwa niaba ya wakazi wapatao 3,000. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe. Taasisi za serikali nazo zilikutwa na lawama, si kampuni peke yake, kwa sababu ndizo zilizopaswa kusimamia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo na kutaka isikilizwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: tangu kiwanda kianze hadi neno hilo la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa wakati kinajengwa alikuwa anakaribia kuwa mtu mzima.

Utaniambia, dada, sisi hatuna kiwanda hapa. Ni kweli, na ndiyo maana nataka uzijue pia habari za Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Huko watu walikuwa wakipasua betri kuukuu kwa mikono, miaka mingi, kama wale vijana wetu. Udongo ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake walianza kuchekecha mchanga huo, wakaubeba kwa magunia hadi majumbani kuuhifadhi na kuuchagua. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walifariki watoto 18. Wataalamu walipokuja kupima, ndugu zao na mama zao nao walikuwa na risasi nyingi katika damu. Hao wanawake hawakuwa wabaya. Walikuwa wanatafuta pesa ya kula.

NILICHOKIONA ITABA

Mama yangu mzazi ni wa Itaba, upande wa Gitega. Baba ni wa Fizi, ndiyo maana mimi niko huku kambini Muyinga na nyinyi. Nilipopata ruhusa ya kwenda kumsalimia bibi, alinituma maji. Chemchemi ya kilimani kwao ina bomba fupi, chini yake mawe, juu yake miti na nyasi ambazo hakuna anayezigusa. Nikataka kufua vitenge vyangu paleple juu, mahali penye kivuli. Mtoto wa miaka kama tisa, simjui hanijui, akaniambia kwa heshima lakini bila woga: "Shangazi, hapa hapafuliwi."

Nilimuuliza bibi, nani aliweka sheria hiyo? Akacheka. Alisema maji yale si ya mtu, kwa hiyo kila mtu ni mlinzi wake. Mtu akikata mti pale juu, kilima kizima kinamwuliza. Jumamosi wanapotoka kwa kazi za pamoja, siku nyingine wanasafisha chemchemi na kuziba mmomonyoko.

Nilirudi nikiwaza. Sisi hapa tunasema, "Bonde si letu, sisi ni wageni, siku moja tutaondoka." Nimelisikia neno hilo mara nyingi, hata mimi nimelisema. Lakini maji ya bonde letu tunayanywa leo, na chini yetu kuna wenyeji wanaolima maharage kandokando yake. Mito mingi ya Gitega na ya Muyinga inashuka kuelekea Ruvubu, na Ruvubu inakwenda kuungana na Nyabarongo kuwa Kagera, hadi ziwa Victoria. Asidi haiulizi kitambulisho cha mkimbizi.

Wala haki haiulizi. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwamba kuishi katika mazingira safi na yenye afya ni haki ya binadamu. Nchi 161 ziliunga mkono, 8 hazikupiga upande wowote, hakuna iliyopinga. Imesemwa haki ya binadamu, haikusemwa ya mwenye ardhi.

TULIVYOANZA

Sikuambii uandamane. Sisi wakimbizi tuna mipaka yetu, na sitaki mtu apate shida kwa kusoma ukurasa huu. Lakini barua hazikatazwi. Hata marehemu Wangari Maathai, mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipotaka kujenga jumba refu katika bustani ya umma ya Uhuru, Nairobi, alianza kwa barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi aliyoijua. Walimtukana sana. Jumba halikujengwa.

Mimi nilianza kwa kurudi kwa wale vijana na kukaa nao chini. Niliwauliza wanauza kwa nani, wanapata kiasi gani. Kumbe kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayekuja kwa moto siku za soko. Risasi iliyoyeyushwa analipa zaidi, betri nzima analipa kidogo, lakini anaichukua. Tofauti ya bei wanaigawana watu watatu. Tulipoipigia hesabu, na kuondoa makaa waliyonunua, ilibaki ndogo kuliko walivyofikiri. Mmoja akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mdogo wao anaweza kupimwa. Nilimwambia kweli: kituo chetu hakina kipimo hicho. Lakini tulimpeleka, akapimwa damu kama imepungua, daktari akaandika katika faili yake kwamba amekaa penye risasi, na akaombewa rufaa. Bado tunaingoja.

Kisha kamati ya mtaa ikakubali kukaa. Tuliandika tulichokiona: siku, mahali, betri ngapi, umbali hadi kwenye maji kwa hatua. Tukapeleka ofisini. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikaambiwa nirudi. Mara ya pili tulikwenda wawili, mhusika hakuwepo. Mara ya tatu tulikwenda watu 11, wazee, akina mama na wale vijana wenyewe, tukiwa na barua nakala mbili. Walipokea moja, nyingine wakaigonga muhuri tukarudi nayo. Nakala ile yenye muhuri ni kitu kikubwa, ndugu msomaji. Bila hiyo, barua yako haijawahi kuandikwa.

Tumeomba mambo matatu: maji ya chemchemi yapimwe risasi, maana kipimo cha kawaida cha klorini hakiionyeshi; kuwe na mahali pa kukusanyia betri; na tuambiwe betri hizo zinayeyushwa wapi zikitoka hapa. Hilo la tatu mzee mmoja ndiye aliyelisisitiza. Alisema hataki tuhamishie sumu kwa watoto wa kilima kingine, kama mimi nilivyoihamishia kwenye bonde. Nililistahili hilo.

La maji halijajibiwa. Mwezi ujao tunarudi na ile nakala. La mahali tumepata nusu: tumepewa stoo ya zamani ya kamati, yenye paa, sakafu ya saruji na kufuli.

KWA SASA

Usinywe wala usipikie maji ya chemchemi ile ya chini mpaka yapimwe. Foleni ya bomba ni ndefu, najua, hata mimi napanga bidoni langu alfajiri.

Betri ikifa, usiipasue, usimwage maji yake, usiichome. Ibebe ikiwa imesimama, isilazwe. Maji yake yakikurukia, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, kisha uje kituoni, hasa kama ni machoni. Aliyewahi kushika kazi hii abadilishe nguo na kunawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni hata ikisuguliwa namna gani.

Sehemu mbili zilizotumika, ya uani na ya bondeni, tumezizungushia miiba. Usipande lengalenga hapo, usichote udongo wa kukandika nyumba hapo, na usifagie pakiwa pakavu, vumbi ndilo hatari. Nyumba za jirani, mwagia maji kidogo kabla ya kufagia.

Mtoto mwenye njaa anafyonza risasi zaidi, kwa hiyo asikae na tumbo tupu. Maharage, sombe, ndagala na machungwa, kila vinapopatikana, vinausaidia mwili kujikinga. Havitibu. Kama mtoto wako alicheza penye betri, sema hivyo kwa mganga hata kama hakuulizi.

Stoo inafunguliwa Jumatano na Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Betri yako itaandikwa katika daftari kwa jina lako, na ikiuzwa nzima utapewa chako. Ufunguo anao yule kijana mwenye adabu aliyeniuliza wazipeleke wapi. Ukifika ukamkuta hayupo, usiiache mlangoni, watoto wanapita pale wakienda shule. Rudi nayo nyumbani, uje siku inayofuata ya stoo.